Mmea Uliomleta Mama Mbotela

Mwaka ule wa ukame tuliokula mahindi ya njano ya msaada, nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na mama yangu mzazi alikuwa amekataa kukanyaga kwangu. Nayataja yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu moyoni mwangu yalikuwa jambo moja. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza humtaka mama yake, na mtu asije akakudanganya kwamba jirani au mkunga anaweza kushika nafasi hiyo. Nilikuwa mtu mzima, nina mume, nina masufuria yangu mwenyewe, lakini kila nilipoamka na kichefuchefu nilimwita yeye.

Wala hakuwa mbali. Alikaa mtaa wa Bahati na mimi nilikaa mtaa wa Mbotela, barabara ya Jogoo Road ikipita katikati yetu. Ungeweza kuinjika chai kwake, ukaja kwangu kuomba sukari, ukarudi kabla haijachemka. Mimi nilivuka barabara ile mara nyingi kwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akanipa uji, akaniuliza habari za watu wote isipokuwa za nyumba yangu. Lakini yeye kuvuka kuja kwangu, hilo halikuwepo. Na siku za kujifungua zilikuwa zinakuja. Kwetu ni mama anayekuja kukaa na binti yake, amkande kwa maji moto, amshikie mtoto, ampikie njahi. Nilijiuliza nani angekaa na mimi.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa matusi. Mimi ni Mkikuyu na mume wangu ni Mkamba wa Kitui, mchonga vinyago. Tulifunga ndoa kanisani, mchungaji akatuombea, na wazee wa upande wake wakaja kwetu mara moja na mbuzi wao, wakaahidi kurudi kukamilisha mahari. Kisha mvua ikakosa kunyesha, mbuzi wakafa, na ahadi ikakwama huko huko Kitui. Kwa desturi yetu mama haingii nyumba ya binti yake mpaka mambo hayo yaishe, halafu aje siku moja na wanawake wenzake, wamebeba kuni na unga, wakiimba njia nzima. Kabla ya hapo nyumba hiyo ni kama haijajengwa. Mama alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini kwa jambo hilo hakutaka kusikia habari za mchungaji.

Na sitaficha, alikuwa pia hajampenda mume wangu. Alimwita "huyo wako". Mume wangu si msemaji, na mama alishuku kila mwanamume anayenyamaza. Alisema watu wa nchi kavu wana ukame mpaka mdomoni. Mimi nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu njiani, kwa maana ni kweli huyo mtu angeweza kuchonga twiga kuanzia kwato mpaka pembe bila kutoa neno.

Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, chumba na jiko, na nyuma ya jiko kulikuwa na kipande cha udongo cha ukubwa wa kitanda. Hapo nilikuwa na sukuma wiki zangu. Ukame ule ulizimaliza zote, zikabaki miti mitupu. Maji ya mfereji yalikuja kwa zamu na hakuna mwenye akili ambaye angeyamwagia mboga. Pale ukutani nilimwaga maji ya kuoshea vyombo peke yake, na ndipo pia nilipotupa taka za kuchambua nafaka. Mama mkwe wangu alikuwa akitutumia mbaazi kutoka Kitui kwa basi, kila gunia dogo likiwa na vumbi na mawe yake na mbegu za porini zilizozolewa pamoja. Nafaka nyingine nilinunua sokoni, maharagwe, kunde, na njahi nikipata. Zote nilizichambua kwenye uteo mmoja, na taka zote nilizitupa ukutani.

Kwa hiyo mmea ulipochomoza hapo, hakuna aliyejua ulitoka kwenye taka gani. Ulitokea wakati kila kitu kingine kimekufa, kijani kabisa, majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja kama ilivyo kwa maharagwe. Nilifikiri utanyauka kufikia wiki inayofuata. Badala yake ukarefuka, ukaanza kunyoosha kamba zake ukitafuta kitu cha kushika.

Jirani yangu wa ukutani, mama mmoja kutoka Murang'a aliyeuza mboga, ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza. Aliinama, akashika jani, akasema hizo ni njahi. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba njahi si maharagwe hivi hivi. Ni nyeusi, zina mstari mweupe ubavuni, na ndicho chakula cha mwanamke aliyejifungua. Hupondwa na ndizi, na mzazi hulishwa mpaka aseme basi, na akishasema basi huongezwa kidogo. Mwaka ule zilikuwa adimu mno. Njahi kujiotea zenyewe ukutani kwa mwanamke mjamzito, tena kwa Mkamba, lilikuwa jambo la kusimuliwa, na jirani yangu hakuwa mtu wa kukaa na jambo la kusimuliwa.

Mume wangu alirudi jioni akachuchumaa mbele ya mmea ule kwa muda mrefu. Akasema anadhani anaujua. Huko kwao, alisema, kuna mmea unaopanda kwenye miiba, una kiazi chini chenye maji, na wachunga mbuzi hukifukua kiangazi wakakitafuna kiu ikiwabana. Nilimwuliza kama majani yake ni kama haya. Akajikuna kichwa. Akakiri kwamba majani yake hakuwahi kuyaangalia, kwa kuwa wao waliutafuta wakati wa ukame, na wakati huo majani huwa yamepukutika. Walichokijua ni kamba kavu iliyojisokota kwenye mti, unaifuata mpaka chini, unachimba. Ukiwa hai na una maua hajapata kuuona, au aliuona akaupita.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Huyu alijua mzizi na kamba iliyokufa. Jirani yangu na watu wetu walijua mbegu na chakula. Mmea mzima, kuanzia juu mpaka chini, hakuna aliyeujua. Na njia pekee ya mume wangu kuthibitisha lake ilikuwa kuung'oa.

Habari zilifika sokoni Marikiti. Mama yangu aliuza nafaka huko, magunia yamekunjwa midomo mbele yake, na jirani yangu alikuwa mteja wake. Sijui alimwambiaje. Najua tu kwamba Jumapili moja baada ya kanisa, nikiwa naanua nguo, nilimwona mama amesimama kwenye kijia nyuma ya jiko, kitambaa chake cha kanisani kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Nilisema karibu mama, nikasahau nguo zote mkononi.

"Nimekuja kuona mmea," akasema.

Hakuutazama mlango. Hakulitazama tumbo langu, ambalo wakati huo lilikuwa limejitokeza vya kutosha kumsalimu lenyewe. Aliinama penye ukuta, akageuza jani, akalisugua upande wa chini kwa kidole gumba, akasema ni njahi. Majani ni membamba kidogo, akasema, lakini hilo ni kwa sababu ya jua. Akaniagiza niutafutie fito za kupandia, akaenda zake. Mume wangu muda huo wote alikuwa ndani nyuma ya pazia, maana mkwe hakutani na mama mkwe ovyo, akipumua kwa adabu.

Jioni hiyo nilipika chapati kama kuna sikukuu. Sikujali ni njahi au ni kitu gani. Mama yangu alikuwa amevuka Jogoo Road.

Fito zilipatikana kwenye karakana ya mume wangu. Alileta mabaki ya miti ya kuchongea, vipande vizuri kupita kiasi kwa kazi hiyo, na kimojawapo kilikuwa shingo ya twiga iliyopasuka kabla ya kumalizika. Ilikuwa na masikio na jicho moja. Aliisimika katikati, na mmea ukaipenda kuliko fito nyingine zote, ukajizungusha hapo mpaka twiga akaonekana anachungulia kutoka kichakani. Watu waliopita walisimama kutazama. Mbotela yetu ilikuwa na wachonga vinyago na madereva wa Kikamba nyumba kadhaa, na mafundi na wachuuzi wa Kikuyu nyumba nyingine, na haikuchukua muda mstari wetu wa nyumba ukagawanyika. Wakikuyu walisema njahi. Wakamba walisema ni kile kiazi cha porini. Watu waliwekeana dau la soda. Mluhya mmoja aliyekaa mwisho wa mstari alisema ni magugu, akaambiwa na pande zote mbili anyamaze.

Mama alirudi mmea ulipotoa maua. Yalikuwa ya zambarau iliyopauka, madogo, petali moja imesimama nyuma kama kola iliyoinuliwa, na nyuki walikuwa wameyapata kabla yetu. Mama alisema hata njahi hutoa maua ya zambarau, na ni kweli. Akaiona shingo ya twiga, akauliza ni nini hicho. Nikamweleza kwamba baba yake mtoto ndiye aliyechonga, ila ilipasuka. Aliikagua upande huu na upande ule kwa jicho lile alilokagulia gunia la mtu anayeshukiwa kuchanganya mawe. Akasema jicho limekaa vizuri. Siku hiyo nilimwomba anywe chai, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa amelitafakari jambo hilo akiwa kwake, maana jibu alikuwa nalo tayari. Akatazama paa linapoishia, akatazama chini kivuli chake kinapoangukia, akaniambia nimletee kigoda nikiweke nje ya kivuli. Nje ya paa si nyumbani, alisema, na mtu aliyekaa nje ya paa hajaingia kwa mtu. Akanywa chai juani, jasho likimtoka, akakataa mkate kwa kuwa mkate ni kula.

Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara. Kila mara alianza na maneno yale yale, kwamba amekuja kuona mmea, halafu akauona kwa haraka sana, na muda uliobaki akakaa. Akaanza kuniambia nisibebe debe la maji. Akaniambia nilale ubavu wa kushoto. Siku moja aliweka kiganja chake tumboni mwangu bila kuomba, mtoto akampiga teke, na mama akatabasamu akitazama upande mwingine. Nilikuwa na furaha siku hizo ambayo sijui kuieleza vizuri zaidi ya kusema kwamba nilinenepa.

Sasa mume wangu, ambaye wenzake walikuwa wanamsumbua kazini kuhusu zile soda, alirudi siku moja na sururu ya kuazima. Akasema achimbe kidogo tu pembeni, aone kama kuna kiazi, ubishi uishe. Nilisimama mbele ya ule mmea na tumbo langu lote.

"Ukiung'oa," nikamwambia, "mama atakuja kuona nini?"

Alinitazama, akautazama mmea, akairudisha sururu kwa mwenyewe jioni ile ile. Hakulitaja tena. Lakini tangu siku hiyo, akioga, alisimama ndani ya karai, na maji yale aliyapeleka nyuma ya jiko mwenyewe, akayamimina polepole kwenye shina. Mtu aliyeamini kwa dhati kwamba ule ni mmea wa nchi kavu usiohitaji maji, aliumwagilia maji yake ya kuoga ili mama mkwe wake aendelee kuuita njahi. Hapo ndipo nilipomwambia Mungu asante kwa mwanamume niliyempata.

Shida iliingia na maganda. Ganda la njahi ni pana na bapa, limepinda kama mwezi mchanga, na kila Mkikuyu analijua. Maganda yetu yalitoka membamba, yamenyooka. Jirani yangu alipoyaona alisema labda bado yatapanuka. Hayakupanuka. Mama alipokuja aliyatazama, kisha akasema ukame umeharibu vitu vingi mwaka huu. Nikamshukuru kimoyomoyo, lakini niliona kwamba hakuyagusa.

Mume wangu naye aliyaona. Alikuwa ameshinda, na sijapata kumwona mtu asiyetaka ushindi wake kama yeye. Aliniuliza kama hatuwezi kusema mbuzi wa watu wamepita wakaula wote. Mbuzi walikuwa wakizurura mtaani, kweli, na hakuna ambaye angeshangaa. Nilimwuliza na mbuzi hao wakishakula, tutakuwa tumepata nini. Tukakaa na mmea wetu, mimi tumbo likinivuta chini, maganda yakikauka moja baada ya jingine, nikihesabu kichwani kitakachotangulia, mtoto au aibu.

Alitangulia mtoto. Nilijifungua salama hospitalini, msichana mweusi mzuri mwenye sauti, nikarudi nyumbani nimefungwa leso tumboni na jirani yangu. Yeye ndiye aliyenipikia uji siku ile ya kwanza na yeye ndiye aliyepeleka habari Marikiti. Mtoto tulikuwa tumeshampa jina la mama yake mume wangu, yule aliyekuwa akitutumia mbaazi. Kwa hilo Wakikuyu na Wakamba hawana ugomvi kabisa, msichana wa kwanza ni wa upande wa baba. Na ukishampa mtoto jina la mtu, umempa na heshima ya mtu huyo, watu humwita mama, humwita bibi, humsalimu kama anavyosalimiwa mwenye jina. Mama yangu na mama yake mume wangu walikuwa hawajawahi kuonana. Mwaka huo, kwa hali ilivyokuwa Kitui, sikuona watakavyoonana.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimetoka nyuma kuanika nepi, nilisikia ganda moja likipasuka kwa jua. Mbegu zilirukia kwenye saruji. Niliokota moja nikaiweka kiganjani. Ilikuwa ya kahawia, ina madoadoa, ndogo. Haikuwa nyeusi, na ule mstari mweupe haukuwepo hata kwa kuulazimisha. Miaka mingi baadaye nilipeleka tawi la mmea ule nililolikausha kwenye jumba la makumbusho, na mwanamke aliyekaa kati ya makabati ya majani makavu aliniambia ni wa jamii moja na kunde na njahi, binamu yao wa porini, akanipa jina refu la Kilatini ambalo sikulishika. Nilifurahi kusikia binamu. Lakini asubuhi ile nikiwa na ile mbegu mkononi sikuwa na hamu ya ujamaa wa mimea. Nililia, maziwa nayo yakanitoka, nikaingia ndani na kuketi kitandani.

Mama alikuja siku hiyo hiyo, jua likiwa limepanda. Nilimsikia nyuma ya jiko. Nilitokea mlangoni na mtoto mikononi, nikamkuta amesimama palepale pake nje ya kivuli cha paa, kiondo kizito mgongoni, kamba yake imekaza paji la uso.

"Nimekuja kuona mmea," akasema. Lakini macho yake yalikuwa kwa kile nilichokibeba.

Akauendea mmea. Akachuma ganda kavu, akalivunja kwa vidole viwili, akamwaga mbegu kiganjani, akazichambua kwa kidole. Mtu ambaye amekaa miaka na magunia ya njahi mbele yake hakuhitaji muda mrefu. Nilikuwa nikijiandaa kumwona akipangusa mikono na kuondoka.

Mume wangu alitoka. Hakupita nyuma ya pazia wala kuzunguka nyumba. Alikuja akasimama mbele ya mama mkwe wake mikono nyuma, kichwa amekiinamisha, na nilijua ilivyomgharimu.

"Mama, hii si njahi," akasema. "Nilijua tangu zamani. Nilinyamaza."

"Ni nini?"

Huyo alikuwa mama yangu, akimwuliza jambo kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Mume wangu akamweleza kwa Kiswahili cha polepole, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema mfululizo. Alimweleza kuhusu kuchunga mbuzi akiwa mdogo, mto ukiwa umekauka, na jinsi walivyofuata kamba kavu mpaka chini. Mama alisikiliza bila kutua kiondo. Kisha akasema anataka kuona.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakukuwa na la kulinda tena. Akachukua tezo lake la kuchongea, akapiga magoti, akachimba kuzunguka shina, na mmea wote ukalegea juu ya twiga wake. Alitoa kiazi kidogo, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, chenye udongo. Akakiosha kwa maji ya kikombe, akakimenya, akakata kipande, akampa mama kwa mikono miwili.

Mama alikitafuna. Maji yakamtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akaendelea kutafuna, akatema nyuzi.

"Kuna maji kweli," akasema. Akaomba kipande kingine. Alipokimaliza akamwuliza, "Na mama yako huko anaishi kwa kula nini sasa?"

Mume wangu alisema anaishi kwa mbaazi zilizobaki, na kwa imani. Mimi nikaona ni lazima niseme, nisiache jambo likining'inia.

"Basi njahi hakuna, mama," nikasema.

Aligeuka akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu usio wake. "Njahi ninazo kwenye kiondo," akasema. "Ulidhani mtoto wangu azae, mimi ningoje maua?"

Mpaka leo sijui kama alijua tangu lile jani la kwanza. Sikumwuliza wakati ule, na baadaye niliona si adabu kumwuliza. Alitua kiondo, akampa mume wangu akibebe, akavuka kivuli cha paa, akapita jikoni, akaingia. Nilimfuata. Nilisema mama, na wale wanawake, na zile kuni. Akasema watakuja na kuni zao, Kitui itakapopata nafuu, na siku hiyo ataimba kama wengine, kwa sasa nikae chini nimpe mtoto. Nikakaa. Alikuwa ameshaona sufuria gani ni kubwa.

Alimpokea mtoto, akafunua shuka usoni, akamtazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinyoosha mgongo, akaweka kitambaa chake sawa, kama mwanamke aliyefika kwa wakwe kwa mara ya kwanza, akaushika ule mkono mdogo kwa vidole viwili.

"Hujambo, mkwe wangu," akamwambia. "Hali ya Kitui? Imenyesha huko?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kiondo mikononi, udongo umemganda vidoleni. Akajibu kwa niaba ya mama yake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, kwamba bado haijanyesha.

"Basi mkwe wangu," mama akamwambia mtoto, "nitakaa na wewe hapa mpaka inyeshe."